Saba Isiyo na Mkanda

Picha zimepigwa kwa simu, upande upande,
kidole gumba cha mpigaji kimeingia pembeni
kama shahidi asiyeitwa.
Daftari la kituo cha Kara-Bulun, baridi ya sabini na mbili:
penseli, doa la chai,
tarehe, kina cha theluji, joto, upepo, sahihi.
Naiburuta picha, naidondosha ndani ya programu,
nasubiri. Duara linazunguka.
Hapa Naryn ni saa nne asubuhi, dirisha limeganda,
na jedwali linafunguka mbele yangu, safi,
seli kwa seli, kama meno ya bandia.

Linameremeta. Nalo linadanganya.

Alama za kutoa zilififia zamani,
hivyo Januari yote imekuwa kiangazi:
thelathini na moja, ishirini na nane, thelathini na tatu,
watu wangevua makoti wakaota jua juu ya barafu.
Herufi ya magharibi kwa Kirusi, ile yenye matumbo mawili,
imesomwa tatu. Upepo wa tatu umevuma wiki nzima.
Na vile vijiti viwili vya "kama hapo juu",
ambavyo mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi huviweka
asilazimike kuandika tena jambo lile lile,
vimekuwa kumi na moja.
Kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja:
mwezi mzima wa theluji ya kifundo cha mguu,
ilhali ilifika kiunoni.

Basi narudi. Picha kushoto, jedwali kulia,
jicho langu katikati kama mlinzi wa mpaka.
Bwana Temirkul anataka faili kumi kwa siku.
"Mashine inasoma, Nurzada. Wewe kagua tu."
Kagua tu: neno la sungura, kazi ya punda.

Ni katika kukagua tu ndipo nilipoiona ile saba.

Saba ya Jumadil Esenov hufunga mkanda,
kistari kimoja, imara, hata siku ya dhoruba.
Tarehe tisa Februari mkanda umefunguka.
Nne zimeziba juu. Sifuri zimenona, zimefungika vizuri
kama vifungo vya mtu anayejua kushona.
Siku arobaini na tatu. Kisha mkanda unarudi.
Na sahihi, siku zote hizo: J. Esenov.
Sahihi isiyo sahihi.

Nilipiga simu kijijini. Akapokea mwanamume anayekohoa,
mtoto wao wa tatu.
Baba alivunjika mguu mwaka ule, alisema, farasi aliteleza.
Nani basi alipima?
Nikasikia runinga yake, nikasikia mbwa.
"Mama alikuwa akitoka na ufito wa kupimia kabla hatujaamka.
Sisi tulidhani ameenda kukamua."

Uulkan. Nilimwomba alitaje jina mara mbili nipate kuliandika.

Jedwali halina safu ya jambo hili.
Nikiongeza safu, makao makuu watalirudisha faili
na maandishi mekundu: muundo batili.
Alama za kutoa nimezirudisha, moja moja.
Nimeirudishia magharibi upepo wake.
Theluji nimeipandisha tena hadi kiunoni.
Lakini kwenye safu ya mwisho
nalipwa kuandika kilichomo pichani,
na pichani mna J. Esenov.

Nikabofya seli ya tarehe tisa.
Kuna dokezo mtu anaweza kulibandika,
pembetatu nyekundu kwenye kona, ndogo kuliko punje ya mtama,
maneno yake hayaonekani mpaka kishale kipite juu yake.
Nikaandika: *Mpimaji ni Uulkan, mkewe. Tazama saba.*

Nikahifadhi. Duara likazunguka.
Sijui kama dokezo husafiri na faili
au huanguka njiani.

Picha inayofuata imepinda,
na unywele wa mtu umelala juu ya Novemba.