Khului

Simu niliyoitaka ilikuwa imeshaozwa.
Kampuni moja tu ndiyo iliyotoa mahari,
na Duluth nzima, kuanzia gati la madini ya chuma
hadi kule juu mlima unakochoka,
hapakuwa na duka jingine lenye ruhusa hata ya kupeleka posa.

Dola tisini na tisa, alisema Brent,
kijana wa dukani mwenye shingo iliyobabuka kwa wembe.
Tisini na tisa! Nikajiona mjanja.
Karatasi ilikuwa na maandishi ya ukubwa wa chawa.
Nikatia sahihi kwa kalamu iliyofungwa mnyororo mezani,
na hilo peke yake lingetosha kunionya:
hata kalamu ilikuwa na mkataba.

Tangu hapo, kila tarehe kumi na saba,
thelathini za intaneti juu ya arobaini za maongezi,
utumie, usitumie.
Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha, zamu ya usiku,
mzee Lindqvist akikoroma chumba cha pili:
thelathini mara ishirini na nne,
mia saba na ishirini.
Cha rahisi ghali, mama alikuwa akisema,
akitema jiwe la mchele wa magendo.
Sikujua alikuwa akizungumzia simu.

Na mtandao wenyewe?
Chumbani kwangu, chini ya ardhi, Mtaa wa Nne Mashariki,
hauingii.
Nasimama nje, nyuma ya duka la mashine za kufulia,
baina ya pipa la taka na ukuta,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
mkono juu kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda msalani,
na picha ya harusi ya Mwanamkasi inafunguka
maua ya kichwani kwanza, halafu paji la uso,
halafu basi.

Bi Haugen wa ghorofa ya juu ana simu ya kukunja,
kampuni nyingine, dola kumi na moja kwa mwezi;
huongea na dada yake wa Fargo akiwa bafuni.
Aliniona dirishani, akaniita,
akanipa kahawa nyepesi kama chozi,
akaishika bili yangu chini ya kioo cha kukuzia.
“Hizi gigabaiti mbili, ulizitumia zote?”
Moja, nikasema, na chembe.
“Na iliyobaki?”
Ilikufa saa sita usiku, mwisho wa mwezi.
“Wakakurudishia?”
Hata mazishini sikualikwa.

Hakucheka. Miaka thelathini alishika daftari la kiwanda cha mbao.
Aliuliza tu: “Ungekuwa na pa kuhamia,
wangekutoza hivi?”

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Huyu wetu hakungoja sifa.
Mnazi mmoja, mgema mmoja, kiu yetu sote;
akimimina maji matupu, tutasema limekolea.

Nilirudi kwa Brent kuomba kutoka.
Akanigeuzia skrini: mia moja na sabini na tano.
Kitu hiki kwetu kina jina, nikamwambia kwa Kiswahili,
khului: mke aliyechoka hurudisha mahari ili aachwe.
Lakini mahari yenyewe, Brent, mimi sikuyaona.
Mlimpa mtengenezaji,
mimi mkaniletea deni.
Akatabasamu, akauliza kama nahitaji kava.

Februari ya pili, ndoa ile ya wakubwa ikavunjika.
Kampuni nyingine ikaanza kuuza simu ile ile,
bango refu kama meli, Barabara ya Superior.
Wiki haikuisha. Ujumbe ukanikuta pale pale, penye pipa:
kwa kuthamini uaminifu wako,
thelathini sasa ni kumi na tano.

Mnara ule ule. Waya hawakugusa.
Theluji hata haikuwa imeanza kuyeyuka.

Uaminifu. Nikalisoma neno hilo mara mbili,
vidole vimekufa ganzi,
kisha nikapanda ngazi kwa Bi Haugen.
Akaandika thelathini, akatoa kumi na tano,
akapiga mistari miwili chini ya jibu, kama wahasibu wafanyavyo.
“Na hii,” akasema, “ilikuwa ya nini?”
Akaniongeza kahawa.