Majibu ya Barua ya Tarehe Tisa

Sechelela amekuja na barua, kaikunja mara nne
ikaenea kwenye fundo la kanga.
Hapa kwangu Chang'ombe kuchapa ukurasa ni mia tano,
kopi mia moja, kulia bure.
Lakini halii. Anasema, Nisomee tena, taratibu,
pale wanaponiita mwizi.

Hawakuandika mwizi. Wameandika "nia mbaya".
Wameandika kwamba nyemo, nukta, ko, nukta, tizedi
linafanana, hata kuwachanganya wanunuzi,
na alama yao ya biashara, ile yenye shada la dhahabu,
juu ya mvinyo wanaoujaza chupani huko Pwani
kusikoota mzabibu hata mmoja.
Siku kumi na nne. Usipojibu, jina linahama.

Andika, anasema.
Andika kwamba nyemo kwa Kigogo ni furaha,
na furaha ilikuwepo Hombolo kabla wao hawajanunua wino.
Hapana, futa hiyo.
Andika: ni jina la binti yangu wa kwanza.
Alizaliwa mwaka wa njaa, tukamwita hivyo kwa ubishi.

Nafuta, naandika.
Vidole vyangu vinajua, maana ndivyo vilivyolisajili,
miaka sita nyuma, kwenye kompyuta hii hii
yenye herufi N iliyofutika,
alipotaka watu wa Kondoa na Manyoni
wajue wapi pa kununua miche.
Risiti ninayo: elfu ishirini na tano.
Alama yao haijatimiza miaka miwili.

Mwisho wa barua wameahidi laki mbili
akiliachia kwa hiari, "kwa moyo wa nia njema".
Kumbe nia njema ni laki mbili, anasema.
Waulize hii yangu mbaya wanaipima kwa kilo?
(Hilo sikuliandika.)

Namweleza: hakuna kizimba,
hakuna haja ya gauni la kanisani.
Ni msuluhishi mmoja, hutamwona uso,
atasoma karatasi zetu, atasoma zao,
ataamua nukta ni ya nani.
Ndipo anacheka.
Nukta! Nina ekari moja na nusu nailima kwa mikono hii,
halafu tunagombania nukta?

Na mji wenyewe huu, nikawaza, husimuliwa hivi:
tembo alizama topeni penye maji,
watu wakasema idodomya, amedidimia,
akaja mgeni mwenye kalamu na sikio zito,
akaandika Dodoma, akapiga muhuri.
Tembo hakupewa siku kumi na nne.

Kielelezo A, risiti.
B, daftari la wateja, lina alama ya kikombe.
C, cheti cha kuzaliwa cha Nyemo,
ambaye sasa yuko kidato cha tatu na hapendi zabibu.

Nilipokwisha kutuma, nikaona pembeni mwa kioo:
jina lenyewe linaisha muda Ijumaa.
Nikamwambia, Ngoja kwanza, utalipia cha watu.
Akafungua fundo la kanga.
Noti zilikuwa zimelala pale pale palipokuwa barua.
Wewe ulishaona mtu anasubiri mvua ndiyo apogoe?
Lipia.

Nikaanza kuandika jina.
Ile N
nikaipata kwa kupapasa.