Kidole Hakijatambulika

Vilikuja Jumatatu, katoni mbili, vishikwambi ishirini na vinne,
vimelazwa kwenye povu jeupe kama mayai ya kisasa.
Niliyesaini ni mimi, Somoe Nangumbi, mtunza stoo,
kiwanda cha kubangulia korosho, barabara ya Mikindani.

Bwana Ludoviki wa kampuni ya mafunzo
aliongea tangu saa mbili hadi chai ikapoa.
Alisema mfumo. Akasema mfumo tena.
Zamani, alisema, mtu alifundishwa na mtu,
na mtu huchoka, husahau, huumwa, hudai nauli.
Hiki hakidai.
Meneja alitikisa kichwa kila alipofika koma:
mnunuzi wa ng'ambo anataka cheti,
cheti kinataka mfumo,
na mfumo, nikaongeza moyoni, unataka luku.

Wabanguaji hawakuulizwa. Waliitwa tu,
wapange foleni, waweke gumba kiooni.

Wa kwanza Esha Mnalemba, miaka kumi na tisa mezani.
Aliweka gumba. Kioo kikaandika:
Kidole hakijatambulika.
Akakifuta kwa kanga. Hakijatambulika.
Akaweka cha shahada, akahamia mkono wa kushoto,
Ludoviki akisema mama bonyeza taratibu,
mama usitetemeke,
mpaka akaushika mwenyewe ule mkono, akaugeuza juani,
na hapo ndipo aliponyamaza.

Ganda la korosho lina mafuta yake.
Hayaulizi jina. Yanakula ngozi ya juu msimu wa kwanza,
ya chini msimu wa pili,
hadi ncha ya kidole inabaki nyeusi, laini,
kama kokwa ya ukwaju.
Kati ya wanawake arobaini na mmoja
mfumo uliwatambua watatu:
wawili waliofika juzi,
na Bi Akwilina, mpika uji.

Taarifa ilitakiwa Ijumaa.
Basi gumba langu likaajiriwa.
Mtunza stoo hashiki ganda, anashika kalamu;
mistari yangu yote ipo, kama siku niliyozaliwa.
Nikafungua mara thelathini na nane.

Somo la kwanza: Vaa glavu.
(Mwaka ule zilikuwepo pea sita. Nazijua,
ziko kwangu, rafu ya juu, zinamsubiri mkaguzi.)
Somo la pili: Ukiungua, mjulishe msimamizi.
Msichana wa katuni anatabasamu, meno yote,
ndani ya kiwanda chenye feni.
Bonyeza endelea. Bonyeza endelea.
Somo la tatu umeme ukakatika.
Uliporudi, mfumo ulitupongeza kwa kumaliza.

Asilimia mia, ilisema taarifa.
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo,
mwanafunzi bora: Somoe Nangumbi,
kafaulu mara thelathini na nane.
Cheti walinitumia. Nimekibandika dirishani, kinazuia vumbi.

Msimu huu Ludoviki karudi.
Kidole kimepitwa na wakati, anasema, sasa ni uso.
Tena kaja na miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma:
ukiivaa unakiona kiwanda.
Tulikuwa ndani ya kiwanda.
Esha akaivaa. Akageuza shingo huku, akageuza kule,
akanyoosha mikono hewani, akashika kitu tusichokiona.
"Korosho za humu hazinuki," alisema, akaivua.

Kesho yake akaja msichana mpya, Zamda, wa Nanyamba.
Esha hakumsomea kitu.
Alimpaka mafuta ya nyonyo, kidole kwa kidole,
polepole, kama anayemhesabia,
akamnyunyizia majivu, akamwekea korosho moja kwenye makali.
"Hapa. Si hapo."
Ludoviki alisimama nyuma yao, daftari wazi.
Sikuona akiandika.

Nami nikapanda ngazi hadi rafu ya juu,
bila kuagizwa, bila fomu.
Pea sita.
Joto lilikuwa limezigandisha,
ikabidi nizibandue moja moja,
na kila iliyobanduka ilitoa sauti
kama ngozi.