Deni la Mpira

Nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli ya baba,
vipande viwili, upana wa kidole,
nikavifunga kwenye panda ya mpera.
Kazi yangu ilikuwa kulinda mpunga wa Doho.
Kweleakwelea walikuja alfajiri
kama vumbi lenye njaa.

Nahirya, dada yangu, alinifunza jambo moja:
"Vuta ghafla, kisha gusisha mdomoni."
Niligusisha. Mpira ulikuwa na joto,
kama paji la mtoto anayeanza homa.
"Hilo ni jasho lako," akasema. "Limehamia humo."

Basi nikajua mpira hauna nguvu ya kwao.
Uji wa asubuhi, viazi vya jana,
bega langu la kuume lililokuwa likiuma,
vyote vilikaa pale, kimya,
kati ya kidole gumba na jicho,
vikingoja.

Nikaachia.
Kibonge cha udongo kikapiga debe tupu,
ndege wakainuka shamba zima
hadi ng'ambo ya Manafwa.
Mpira ukarudi mbio, ukanichapa kifundo cha mkono,
bado vuguvugu:
haukulipa deni lote, ulibakiza chenji.

Msimu wa tatu uliota nyufa.
Niliuvuta, ukavutika, ukabaki mrefu,
umesahau kimo chake.
Nahirya alicheka, akaukunja mara mbili,
akaufunga mlangoni pa banda la kuku.

Hata sasa, nikifika Butaleja,
mlango ule hujifunga wenyewe
nyuma ya kuku wa mwisho,
nami hujiuliza:
huo ni uji wa nani?