Matundu ya Jengo la Pili

Jengo hili, nilikuwa nikisema,
lilichorwa na mtu aliyeogopa baridi.
Miaka ishirini na moja niko ofisi ya majengo hapa Tudor,
na kila Januari, saa tisa,
jua hunichoma shingo kupitia kioo
kilichogeuzwa magharibi
kama shavu linalosubiri kofi.

Nyuma yake viyoyozi kumi na tisa
vinadondoshea maji pikipiki za wanafunzi,
vinanguruma, vinakula,
na bili ifikapo, Bi Mwanamkasi wa hesabu
huishika kwa ncha za vidole
kama anayetoa panya kwa mkia.

Kamati ikasema: tuvunje.
Tujenge jipya, la kijani,
bustani juu ya paa, cheti ukutani.
Picha zikazunguka mezani: miti ya kuchorwa,
watu wa kuchorwa, wamevaa makoti,
hakuna hata mmoja aliyetoka jasho.

Nikauliza:
na hii saruji iliyokwisha kuchomwa?
Kila nguzo hapa ina moshi wake.
Tanuri liliwaka, malori yakapanda,
moshi ukaenda zake nikiwa sijajua kusoma.
Maji yakimwagika hayazoleki, seuze moshi.
Kulivunja si kuufuta.
Ni kusema ulitoka bure,
kisha tuchome mwingine.

Mwenyekiti akatazama saa.
Tukapewa miezi sita
na fedha za rangi.

Fundi Chengo hakuomba ramani.
Alikuja na nyundo na mfuko wa mihogo mibichi,
akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
hatua kwa hatua, sikio karibu,
mpaka chini ya dari akasimama.
"Hapa pamezibwa."

Tukachimba. Likatoka tofali,
nyuma ya tofali, gazeti lililokunjwa,
na nyuma ya gazeti, upepo.
Sikutia chumvi: upepo wenyewe,
umesimama mlangoni kama mgeni
aliyepiga hodi hadi akachoka.

Matundu sitini na mbili, upande huu na ule,
yamepangwa yatazamane,
kaskazi iingie huku, kusi iingie kule.
Na chini ya fremu za alumini, alama za bawaba
ambapo zamani zilining'inia luva za mbao.

Basi nilimsingizia mchoraji.

Usiku ule nilishuka stoo, nikafungua faili.
Hati ya kuziba ilikuwa ukurasa mmoja:
*Marekebisho madogo, kuta. Kupisha viyoyozi.*
Chini, kwa wino wa buluu,
herufi zikiwa bado zina madaha ya mtu mwenye kazi mpya,
sahihi yangu.
Nakala tatu. Sikusoma hata moja.

Fedha za rangi tukanunua chokaa, tukalipaka paa
hadi likaumiza macho.
Luva tulichonga kwa minazi ya Jaribuni
iliyokoma kuzaa.
Kioo tulikishusha kipande kipande;
viyoyozi viwili tukaviacha chumba cha kompyuta,
kwani sijifanyi mtakatifu.

Nyevu, wa mwaka wa tatu, alipima kila saa
akaandika kwenye daftari la mistari:
kabla, thelathini na tatu nukta nane.
Baada, ishirini na tisa nukta moja.
Pembeni akaongeza, kwa penseli:
*nimesikia adhana kutoka ndani.*

Sasa Dakta Shekuwe analalamika
kwamba karatasi za mtihani zinapeperuka,
na kwamba kunguru mmoja aliingia katikati ya hesabu
akakaa juu ya ubao, asifukuzike.

Nimemsikia. Nyavu nimeagiza.
Na kila dawati nimeliwekea kipande cha tofali,
kilekile tulichokitoa ukutani,
ukubwa wa kiganja, kingo zimesuguliwa.
Kilizuia upepo miaka ishirini.
Kishike karatasi.