Mashine Namba Sita

Mimi nilikuwa mashine namba sita.
Boksi la friji, tundu la duara kifuani,
na kazi yangu ilikuwa kutetemeka.

Usiulize nani aliutunga mchezo.
Tuliutunga tisa, wiki saba, chini ya kanisa la Walutheri.
Mwenye neno alileta neno;
asiye na neno alileta goti lake linalolia akichuchumaa,
nalo tukaliingiza.
Tuligombana. Eldon alitaka watu wacheke.
Pa Zong alitaka kimya, kimya cha kuhesabu hadi ishirini.
Tove, fundi bomba, aliyekuja kwa ajili ya kahawa,
akasema: kimya kikae nyuma ya kicheko, basi, twendeni makwetu.

Bustani yenyewe imebanwa kati ya reli na kituo cha mafuta.
Saint Paul, Minesota, mwezi wa sita,
saa mbili na nusu, ambayo kwingine ni usiku,
na jua bado linajivuta juu ya mabati ya ghala
kama mgeni aliyeaga mara tatu na hajainuka.
Mbu waliwahi viti kuliko watazamaji.
Mtoto mmoja alikaa mbele kabisa, anamumunya barafu ya zambarau,
akanikazia macho kana kwamba ananidai.

Tukaanza.
Tulikuwa duka la kufulia la kona ile, lililofungwa,
siku hizi wanauza simu.
Tulikuwa theluji mlangoni, mvuke kiooni,
soksi moja iliyomngoja mwenzake vipupwe viwili.
Treni ya mizigo ikapita katikati ya sentensi ya Eldon,
mabehewa mia na ushei. Tukaganda tulivyo, mikono hewani;
mimi tu niliendelea kutetemeka, hakuna aliyenizima.

Ndipo tukafika kwa Bi Arlys.
Kila tuliyemhoji mtaani alitupa kisa kile kile:
kwamba Ijumaa, akishafua,
aliacha robo dola nne juu ya namba sita,
zimepangwa, za yeyote atakayekuja hana.
Pa Zong alivaa koti la kijani. Akazipanga kichwani pangu.
Moja.
Mbili.
Tatu.

"Si mimi."

Sauti ya safu ya tatu.
Mwanamke akainuka kwa awamu, kwanza mkono, kisha mgongo.
"Arlys ndiye mimi. Sikuziacha.
Nilizikuta. Mwaka ule mume wangu alipopunguzwa kiwandani
nilizikuta kila Ijumaa, nikazitumia, nikaona haya kuuliza."
Akamnyooshea Pa Zong kidole:
"Nilidhani ni mama yako."

Pa Zong, sarafu ya nne ingali mkononi:
"Mama alidhani ni wewe. Mpaka tunamzika."

Hatukuwa na ukurasa wa kukimbilia.
Kile kimya chake kilikuja chenyewe, kikapita ishirini,
kikapita hata mbu.
Mzee mmoja alivua kofia, akamtazama jirani yake;
jirani akatazama nyasi.
"Sasa ni nani?" akauliza yule mtoto, midomo ya zambarau.
Nami ndani ya boksi, jasho likinichuruzika shingoni,
nilikuwa nimeacha kutetemeka
na sijui tangu lini.

Gizani, tukikunja mashuka, tulibishana tena.
Eldon: tulifute jina.
Tove: uachwe mkono tu,
utoke nyuma ya shuka, uweke, urudi.
Mkono wa nani?
Wa atakayechomoa kijiti kifupi. Na asiseme.
Pa Zong hakuchangia. Alikuwa anatafuta vishikizo vya koti
ambalo limepoteza vishikizo tangu enzi za mama yake.

Leo jioni tunacheza tena, mvua ikituhurumia.
Bi Arlys ameahidi kuja na kiti chake, chenye mto.

Zile sarafu tatu nilizisahau juu ya boksi, hapo bustanini, usiku kucha.
Asubuhi nimekuta mbili.
Sijauliza.