Rafu ya Viatu, Darsait

Ijumaa, kabla jua halijaanza ukorofi wake,
naketi kwenye kiti cha plastiki, mgongo kwenye marumaru,
nagawa vibati vyenye namba.
Hekalu hili halina umri wa kujivunia:
saruji yake bado inanuka saruji,
viyoyozi vinadondokea kwenye ndoo ya rangi,
na mashada ya maua ya njano yamekuja kwa ndege
kama sisi sote.

Mimi wa Muheza. Miungu ya humu siijui kwa majina.
Najua miguu:
karani wa benki, soli iliyolika upande mmoja;
bibi harusi wa juzi, hina mpaka kifundoni;
wajenzi wanaomwagwa na basi la kampuni,
buti nyeupe kwa vumbi la barabara ya Sohar.

"Hebu n'shikie mkono, n'vue hivi."
Nikageuka kumtafuta aliyesema.
Sari ya bluu, miwani minene: Hansaben,
na Kipemba kitupu, kama mtu
anayechambua karafuu ukumbini.
"Wa wapi wewe? Muheza? Aa, kwenye machungwa."
Kusali anasali Kigujarati.
Ngazi anazihesabu Kiswahili,
kumi na moja, kumi na mbili, goti likimlalamikia.

Wiki ile zilibaki buti. Namba sitini na tatu.
Ndani, kwa wino: RAMULU.
Nikafunga lango, zipo.
Alitokaje peku kwenye lami ya Juni?
Ijumaa ya pili. Ya tatu.
Bwana Pranav wa ofisini akasema tupa, rafu haitoshi.
Nikawauliza wa kwenye basi.
Mmoja: kahamishiwa Duqm.
Mwingine: karudi kwao.
Wa tatu akatazama chini, akapanda.

Hansaben alizitazama muda mrefu.
"Mie vyangu vilikuwa vyekundu.
Vilibaki kizingitini, Wete, usiku ule tulotoka.
N'na miaka saba. Mpaka leo hujiuliza
nani alivivaa,
na kama vilimbana."
Akaniachia ndizi mbili za baraka, akaingia.

Basi. Sikuzitupa.
Siku za kazi zinalala kabatini mwangu, chini ya koti la sare.
Ijumaa nazirudisha sitini na tatu,
vidole vikitazama nje.
Kibati anacho yeye, popote alipo.
Basi la kampuni likizunguka kipilefti
naweka chai chini,
naanza na miguu.